Hamali Aliyegandwa na Shira: Sukari na Kolesteroli Nzuri

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliowasindikiza: nashukuru mmekuja na karatasi zenu za vipimo kama nilivyoomba. Msizikunje bado.

Mwezi uliopita alikuja kliniki mama mmoja ambaye karatasi yake ilikuwa imezungushiwa kalamu nyekundu mahali pamoja tu: HDL, ile kolesteroli iitwayo nzuri, 1.6. Akaniambia, "Daktari, sukari inanisumbua, lakini moyo wangu u salama. Ile nzuri ninayo tele." Kwa mwanamke tunataka HDL ivuke 1.3, kwa hiyo kusoma alisoma sawa. Lakini mistari michache chini yake, kipimo cha sukari cha miezi mitatu, kinachoandikwa HbA1c, kilikuwa juu, 11.2, na hapo kalamu haikufika. Sikumlaumu. Sisi ndio tuliowafundisha watu kwamba kuna kolesteroli nzuri na mbaya, tukaishia hapo.

Kolesteroli ni mzigo, na ni ileile popote ilipo. Tofauti ni nani kaibeba na anaipeleka wapi. LDL, ile iitwayo mbaya, huitoa kwenye ini kuisambaza mwilini, na ikizidi hujipenyeza kwenye kuta za mishipa. HDL ni hamali wa kurudisha: huipakia kutoka ukutani, huifikisha kwenye ini, ini likaitoa kwa njia ya nyongo. Tena hutembea na kimeng'enya kiitwacho paraoksonasi, kinachosaidia mafuta ya LDL yasiharibike yakauwasha mshipa. Sasa ile namba ya karatasini inaonyesha mzigo uliomo mikononi mwa mahamali siku ile uliyotolewa damu. Haisemi kama wanapakia na kushusha, au wamesimama tu.

Nani hapa hajawahi kupika visheti? Unakaanga, unamimina shira ya moto, unapepeta mpaka sukari inakauka na kuwa ganda jeupe. Kisheti ni kilekile ndani, lakini ukikishika unashika sukari. Ndivyo inavyokuwa kwenye damu ambayo sukari imepanda kwa wiki na miezi: sukari inagandia protini. Inagandia himoglobini, protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kipimo cha miezi mitatu kinapima jambo hilo hasa. Ile 11.2 ya yule mama maana yake ni kwamba katika kila sehemu 100 za himoglobini yake, zaidi ya 11 zilikuwa na ganda. Na protini kuu ya HDL, ile ninayoiita mikono ya hamali, imo katika damu hiyohiyo. Sukari haichagui.

Msidhani ni maneno ya mpishi. Mwaka 2006 jaribio la dawa iitwayo torsetrapibu lilisimamishwa. Dawa ile ilipandisha HDL kwa asilimia 72, lakini waliofariki wakawa wengi zaidi kati ya walioitumia. Halafu mwaka 2014 yakatoka matokeo ya Dallas, Marekani, ambako watu 2,924 walifuatiliwa kwa zaidi ya miaka 9. Uwezo wa HDL kuchota kolesteroli kutoka kwenye seli ndio uliotenganisha waliopata shambulio la moyo au kiharusi na waliosalimika. Wingi wake peke yake haukutosha kuwatenganisha.

Sasa sikilizeni linalonipa matumaini mimi. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, ndiyo maana kipimo kile ni cha miezi mitatu. Lakini protini ya HDL haikai hata wiki moja. Ini na utumbo hutengeneza nyingine kila siku. Sukari ikitulia leo, mahamali wapya wanaingia kwenye damu yenye shira kidogo, kabla hata karatasi yako haijabadilika. Kwa hiyo yule mama sikumwambia aanze kutafuta cha kupandisha 1.6. Nilimwomba arudie metformini, dawa yake ya sukari aliyoiacha alipojisikia nafuu, apunguze sukari kwenye chai ya asubuhi, na baada ya chakula cha usiku atembee dakika 20, kwa sababu msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Na statini, dawa ya kupunguza kolesteroli, aendelee nayo, maana hamali hata akiwa mzima hawezi kumaliza mzigo unaoletwa bila kikomo.

Nimeona mkono. Bibi anauliza: mafuta ya zeituni je?

Swali zuri, bibi. Huko Hispania, watu wenye hatari ya ugonjwa wa moyo walipewa mlo wa mboga, samaki na kunde pamoja na mafuta ya zeituni yasiyosafishwa kiwandani, na HDL zao zikafanya kazi vizuri zaidi. Lakini waliyapikia na kuyatia kwenye chakula. Ukinywa vijiko viwili asubuhi halafu ukaendelea na mahamri manne na samli, umeongeza mafuta tu. Yaweke mahali pa samli.

Haya, kunjueni karatasi. Tafuteni mstari ulioandikwa HbA1c, nami nitapita kwa kila mmoja.