Mlango Mmoja, Maghala Mengi: Mhadhara Kuhusu Hifadhi ya Wingu

Mheshimiwa mwenyekiti, wahandisi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna programu moja inavyoweza kuhifadhi faili kwa watoa huduma kadhaa wa wingu kupitia API moja, yaani seti moja ya amri ambazo programu huzitumia kuzungumza na huduma nyingine, na ningependa kuanza kwa kusema ninachokiamini. Kazi hii ni nyepesi pale inapohusu majina, na ni nzito pale inapohusu tabia. Wengi wetu huimaliza ile nyepesi kwa wiki moja, tukatangaza kwamba mfumo umekamilika, kisha ile nzito ikaja kutudai baadaye, mara nyingi usiku.

Amazon ilifungua S3, huduma yake ya hifadhi ya wingu, mwezi Machi 2006, na kufikia mwaka 2010 Microsoft na Google nazo zilikuwa zinatoa hifadhi za namna hiyo. Kila kampuni ilikuja na msamiati wake: ghala ambalo Amazon na Google huliita baketi, Microsoft huliita kontena, kinachowekwa ndani huitwa objekti huku na blobu kule. Tofauti za namna hii hazitusumbui. Miradi ya programu huria kama Apache Libcloud na jclouds ilishaonyesha zamani kwamba amri chache, yaani kuweka, kuchukua, kuorodhesha, kunakili na kufuta, zinaweza kuandikwa mara moja na kutafsiriwa kwa kila mtoa huduma. Tena lugha ya S3 yenyewe imeenea mno, kiasi kwamba watoa huduma wengi wadogo, pamoja na programu za kujiendeshea hifadhi mwenyewe, huielewa moja kwa moja.

Ugumu unaanza pale amri mbili zinapoitwa jina moja huku zikifanya mambo mawili. Chukueni mfano wa folda. Katika hifadhi ya objekti ya kawaida hakuna folda, jina kama «ripoti/2024/januari.pdf» ni mfuatano mmoja wa herufi, na ule mkwaju (/) hauna mamlaka yoyote kuliko herufi nyingine. Folda tunayoiona kwenye skrini hutengenezwa na programu kwa kukusanya majina yenye mwanzo mmoja. Kwa hiyo, kwenye baketi ya kawaida ya S3, kubadilisha jina la «folda» yenye faili laki moja maana yake ni kunakili faili laki moja, moja baada ya nyingine, kisha kuzifuta zile za awali. Na programu ikikatika katikati, nusu ya faili huwa huku na nusu kule. Kwa Microsoft, akaunti iliyowashiwa mpangilio wa ngazi, yaani wenye folda halisi, hulifanya jambo hilo hilo kwa tendo moja lisilogawanyika: ama limefanyika lote, ama halikufanyika kabisa. Sasa API yetu ikiwa na amri moja ya kubadilisha jina la folda, inamwahidi nini mtu anayeitumia? Ikinyamaza, mwenzetu atajaribu programu yake kule ambako tendo halikatiki, aridhike, kisha aipeleke kule ambako linakatika.

Jambo la pili linanigusa zaidi, kwa sababu nililipia kosa lake mwenyewe. Kila mtoa huduma hurudisha alama iitwayo ETag, na ni rahisi kudhani kwamba ni muhtasari wa yaliyomo katika faili, yaani mfuatano mfupi wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo hayo. Kwa S3, faili ikipakiwa kwa mkupuo mmoja, mara nyingi alama hiyo huwa ni MD5 ya yaliyomo, aina mojawapo ya muhtasari huo. Lakini ikipakiwa kwa vipande, kama inavyofanyika kwa faili kubwa, alama huwa kwa kawaida ni muhtasari wa mihtasari ya vipande, ukifuatwa na kistari na idadi ya vipande. Hivyo faili moja iliyokatwa kwa vipande vya ukubwa tofauti hupata alama tofauti. Kwa Microsoft alama hiyo huonyesha toleo la faili tu, wala haitokani na yaliyomo. Katika mradi mmoja nilioshiriki, tabaka letu, yaani programu yetu iliyokaa kati ya watumiaji na watoa huduma, lililinganisha alama hizi baada ya kuhamisha data, likatangaza kwamba maelfu ya faili zimeharibika, ilhali zote zilikuwa salama. Tangu hapo nakokotoa SHA-256, aina nyingine ya muhtasari, mimi mwenyewe kabla ya kupakia, nikaiweka pamoja na metadata ya faili, yaani maelezo yanayoambatana nayo, na sitegemei alama ya mtu mwingine.

Hata neno «kumbukumbu za kudumu», yaani ngazi ya bei nafuu kwa faili zisizoguswa, halina maana moja. Kwa Google, faili ya ngazi hiyo hufunguka katika milisekunde. Kwa Microsoft ni lazima kwanza irejeshwe katika ngazi ya kawaida, jambo linaloweza kuchukua hadi saa 15. Amri ya kuchukua inayorudi papo hapo haiwezi kuwa ndiyo ile ile ya kuomba na kusubiri hadi kesho.

Pendekezo langu ni kwamba API ya pamoja iwe nyembamba na ya kweli. Iwe na amri zile tu ambazo maana yake haibadiliki popote, na kila kiunganishi, yaani sehemu ya API inayozungumza na mtoa huduma mmoja, kitangaze waziwazi uwezo wake: je, kinabadilisha jina kwa tendo moja, je, faili zake zinahitaji kurejeshwa kwanza? Programu iulize kabla ya kutenda, na uwezo usipokuwepo ipewe kosa lililo wazi kuliko kupewa uigaji wa kimyakimya. Kunakili nako kugawanywe mara mbili. Ndani ya mtoa huduma mmoja, nakala hufanyika kwenye seva zake. Kati ya watoa huduma wawili, baiti hutoka nje, mara nyingi zikapitia mashine yako, na kwa kawaida hutozwa ada ya kutoka. Ada hiyo isifichwe nyuma ya jina moja.

Mtaniuliza, basi kwa nini tujisumbue? Tarehe 28 Februari 2017, amri iliyoandikwa kimakosa iliondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa katika S3 ya Virginia Kaskazini, na huduma nyingi za intaneti zikasimama kwa saa kadhaa. Siku kama hiyo API ya pamoja itakusaidia endapo tu data ilikuwa imeshafika kwa mtoa huduma wa pili kabla ya hitilafu. Kwa hiyo nakala iwe inakwenda kila wakati, faili chache zichukuliwe kutoka upande wa pili kila siku na kulinganishwa na SHA-256 zake, na funguo za kuufungulia upande huo zisiwekwe kwa mtoa huduma wa kwanza.

Nawashukuru kwa kunisikiliza, na sasa nayakaribisha maswali yenu.