Amplifaya ya kulisha spika za umeme tuli: mhadhara kwa mafundi na wapenzi wa sauti

Hamjambo nyote. Wale mliosimama huko nyuma, viti vipo hapa mbele, msione haya. Hizi paneli mbili mnazoziona nyuma yangu ndizo spika za umeme tuli, zimesimama kama milango isiyo na nyumba, nimezichomeka tangu saa tano asubuhi. Naomba mtu asiziguse. Zinajaa chaji polepole, na kwa unyevu huu wa Dar zinahitaji muda. Tutazisikiliza baadaye.

Nianze na nyumba moja ya Upanga. Bwana mmoja alirudi kutoka Marekani na kontena la vitu vyake, na ndani yake spika mbili za MartinLogan, zile zenye paneli ya umeme tuli inayopitisha mwanga juu na spika ya besi ya kawaida chini. Akanunua risiva mpya ya sinema ya nyumbani, yaani amplifaya moja ya kulisha spika zote za sebule, boksi limeandikwa wati 100 mara chaneli 7. Wiki ya pili akanipigia: "Fundi, redio inajizima." Nikamuuliza inajizima wapi. Akasema penye kelele.

Nikaenda, nikakaa naye sebuleni, tukaangalia picha ya vita. Mabomu yakapigwa, ukuta ukatetemeka, risiva ikavumilia. Kisha likaja tukio la mtaani, dirisha kubwa la duka likavunjika, vioo vikamwagika. Tak! Risiva ikakata, taa nyekundu ikawaka. Tukarudisha nyuma, tukajaribu tena. Bomu, sawa. Vioo, tak!

Hapo fundi mzoefu wa spika za kawaida anachanganyikiwa, kwa sababu sisi sote tumelelewa kujua kwamba kinachochosha amplifaya ni besi. Kwa spika hizi, besi haina neno. Kinachoitesa amplifaya ni sauti nyembamba za juu kabisa. Nikieleza vizuri kwa nini iko hivyo, nusu ya mhadhara nitakuwa nimeumaliza.

Spika ya kawaida ina koili na sumaku. Hii haina. Ina utando wa plastiki wenye unene wa mikroni chache, uliopakwa kitu cha kushika chaji, umetandazwa katikati ya mabamba mawili yenye matundu. Utando unapewa volti elfu kadhaa zisizobadilika. Zile za kwanza za Quad, kampuni ya Uingereza, zilitumia volti 6,000 kwenye paneli za besi na 1,500 kwenye paneli ya sauti za juu. Muziki unaletwa kwenye mabamba kupitia transfoma inayopandisha volti za amplifaya, utando unavutwa huku na kusukumwa kule, hewa inasogea, unasikia mtu anaimba. Ni hivyo tu.

Sasa, mafundi, mabamba mawili yaliyokaribiana bila kugusana tunayaitaje? Kapasita, kihifadhi chaji, naam, umesema vyema dada. Na kapasita, kadiri masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, yanavyopanda, ndivyo inavyopitisha mkondo kwa urahisi. Kwa hiyo ukipima spika hii katika kilohezi 1 unaweza kukuta omu 8 au zaidi (omu ni kipimo cha ukinzani, jinsi kitu kinavyozuia mkondo), ukapanda hadi kilohezi 20 ukakuta omu moja na kitu. Ile ya Upanga karatasi yake ilisema omu 6 kwa herufi kubwa, halafu kamstari kadogo chini: 1.6 kwenye kilohezi 20. Herufi kubwa zinauza spika. Kamstari kadogo ndiko kanakochagua amplifaya.

Si hilo tu. Mzigo wa ukinzani mtupu, kama pasi ya umeme, volti ikipanda mkondo unapanda, vikishuka vinashuka pamoja. Kwenye kapasita mkondo unatangulia volti. Amplifaya inaikopesha spika umeme, baada ya muda mfupi sana spika inaurudisha. Deni limelipwa, spika haijala kitu. Riba je? Riba inalipwa na transista za amplifaya, kwa joto. Mkondo mkubwa unapita wakati transista yenyewe bado imebeba volti nyingi mgongoni, na volti mara mkondo ndilo joto. Ndiyo maana amplifaya inaweza kuchemka kwenye spika hizi wakati sauti haijawa kubwa hata kidogo.

Msiogope kupita kiasi lakini. Wauzaji wa amplifaya za bei mbaya wanapenda sana hiyo namba ya omu 1, wanaizungusha kama mganga anavyozungusha mkia wa ng'ombe. Muziki na sinema hazina nguvu nyingi katika kilohezi 20. Nguvu kubwa iko chini na katikati, huko juu inabaki sehemu ndogo sana. Basi kwa nini risiva ya Upanga ikakata?

Nikageuka nyuma ya risiva. Pale kuna swichi, au siku hizi ni menyu, ya kuchagua omu 8 au omu 4. Bwana yule alikuwa mwangalifu, akasoma, akaweka 4. Alichofanya ni kuipunguzia risiva volti za ndani. Watengenezaji wengi huiweka swichi ile ili risiva isichemke kupita mipaka ya usalama. Haiongezi mkondo hata ampea moja. Volti zikipungua, vilele vya mawimbi vinagonga dari mapema na kukatwa. Wimbi lililokatwa kilele linazaa masafa ya juu mengi ambayo hayakuwemo kwenye picha. Masafa hayo yanakimbilia wapi? Kwenye mzigo wa omu 1.6. Mkondo unaruka, kinga inashtuka, tak! Vioo tayari vilikuwa na sauti za juu kwa wingi, na chaneli nyingine nazo zilikuwa zinakula kutoka transfoma ileile moja. Tukirudisha swichi kwenye 8 tu, risiva ikavumilia vioo. Ikachemka, ndiyo, maana ilikuwa imefungiwa kwenye kabati la mninga lisilo na tundu, lakini ikavumilia.

Ile wati 100 mara 7, tena, isomeni vizuri. Mara nyingi hupimwa chaneli moja au mbili zikiwa zinafanya kazi, kwenye omu 8. Saba zikiamka pamoja, transfoma inagawana kilichopo. Mimi nikipewa risiva mkononi, kitu cha kwanza naipima uzito. Transfoma ni chuma na shaba, havidanganyi.

Ngojeni nichore hapa ubaoni kitu kimoja, kwa sababu ndicho kinachobadilisha sauti hata pale ambapo hakuna kinachojizima. Kila amplifaya ina ukinzani wake wa ndani, upande wa kutokea. Amplifaya nzuri ya transista, tuseme omu 0.05. Amplifaya fulani za taa, yaani zenye valvu za kioo badala ya transista, zile vijana wanazipenda kwa mwanga wake wa chungwa, zinaweza kufika omu 2. Spika ikiwa omu 8, ile ya taa inafikisha asilimia 80 ya volti. Spika ikishuka kwenye 1.6, inafikisha asilimia 44. Tofauti hiyo ni karibu desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) za sauti za juu zilizobaki njiani. Ile ya transista inapoteza robo ya desibeli, hata haifiki. Nimefanya hesabu rahisi, kama vile mzigo ni ukinzani mtupu; kwenye spika halisi, pembe kati ya volti na mkondo hupunguza upotevu huo. Mwelekeo ni uleule. Mtu anakwambia amplifaya ya taa "inalainisha" spika yake. Inalainisha kweli, imekula sauti za juu.

Na waya ni hivyohivyo. Upanga, fundi wa nyumba alipitisha darini waya wa milimita mraba 1.5, ule wa kuwashia taa za nyumba, mita 14 kwenda. Kwenda na kurudi ni mita 28, ukinzani kama omu 0.32. Kwa hesabu ileile umepoteza desibeli moja na kidogo juu kabisa, na hujaona amplifaya mbaya bado. Weka milimita mraba 4, au bora zaidi sogeza amplifaya karibu na spika. Waya wa dhahabu wa milioni mbili siujui, nauliza unene na urefu tu.

Ndugu yangu hapa mbele ananyoosha mkono. Anauliza, basi si tununue amplifaya kubwa kuliko zote tukapumzika?

Swali zuri, na jibu lake liko Uingereza. Mwaka 1957 Peter Walker, kiwandani kwake Huntingdon, alianza kuuza spika ya kwanza ya Quad ya namna hii. Amplifaya waliyokuwa nayo ilikuwa Quad II, ya taa, wati 15. Mwaka 1967 wakatoa ya transista, 303, wati 45 kwenye omu 8. Namba ndogo, siyo? Spika ile inavumilia vilele vya volti 33. Wati 45 kwenye omu 8 zinakupa kilele cha volti 27 hivi: uko salama. Chukua amplifaya ya wati 200: kilele chake kinakaribia volti 57. Siku moja mtu anazungusha kitasa kwenye sherehe, cheche inaruka kati ya bamba na utando, pafu! Tundu. Quad wenyewe walipotoa 405, ya wati 100, ilibidi iwekewe kikomo cha volti ikitumika na spika zile. Mimi nimefungua paneli kama hizo karakana ya Birmingham nilipokuwa kibarua. Harufu yake ni ya nywele zilizoungua, na utando una alama kama sigara imezimwa juu yake.

Kwa hiyo kabla hujauliza wati, uliza spika inavumilia volti ngapi. Zile za kisasa zenye besi ya kawaida chini zina kinga na zinavumilia zaidi, lakini kanuni ni moja. Amplifaya unayoitaka ni ile isiyoyumba ikikutana na kapasita, iliyopimwa kwenye omu 4 na mtengenezaji akasaini, ikiwezekana na 2. Kama inatoa wati 100 kwenye 8 na karibu 200 kwenye 4, ina transfoma ya maana. Kama mtengenezaji anakaa kimya kuhusu omu 4, naye muache na ukimya wake.

Hizi za klasi D, zinazowasha na kuzima transista kwa kasi kubwa, nyepesi, zinazobebwa kwa mkono mmoja? Za zamani nyingi zilikuwa na shida, kwa sababu kichujio chao cha kutokea kilibadilika tabia kulingana na mzigo, sauti za juu zinavimba au zinazama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Bruno Putzeys, Mbelgiji, aliporekebisha kwa kuchukua mrejesho, yaani ishara inayorudishwa ndani kusahihisha makosa, baada ya kichujio badala ya kabla yake, jambo hilo likapungua sana. Leo zipo nzuri. Uliza tu kama kinga yake haikati kwenye mzigo mdogo huko juu.

Upande wa sinema, watu wananitajia kipimo cha THX, kiwango cha ubora wa sauti za sinema, wastani desibeli 85 na vilele 105. Hicho ni kipimo cha jumba la sinema. Sebuleni, watoto wamelala, ukishusha desibeli 10 unahitaji sehemu ya kumi ya wati zile. Na besi iondoeni kwenye spika hizi kabisa: kwenye menyu wekeni 80 hezi, chini ya hapo ipewe sabufa yenye amplifaya yake. Upanga tulifanya hivyo, tukatoa ishara kwenye soketi za nyuma za risiva zile za kupeleka amplifaya ya nje, tukaleta amplifaya ya chaneli tatu kwa ajili ya mbele, risiva ikabaki na spika ndogo za nyuma ambazo ni za kawaida. Kabati tukalitoboa. Mke wa bwana yule hajanisamehe kuhusu kabati.

Mdogo wangu pale anauliza kuhusu bahari. Ndiyo. Vumbi na unyevu vinavujisha chaji, utasikia kama mtu anakaanga dagaa mbali. Ukiwa karibu na ufuo fungeni madirisha upande wa upepo, pitisheni brashi ya kufyonza vumbi spika ikiwa imechomolewa saa kadhaa. Na kama zimetoka Marekani, kifaa chake cha kuchomeka ukutani kiangalieni kwanza kabla hakijaonja volti zetu 230.

Haya. Nimeweka hapa amplifaya mbili, moja ya taa na moja ya transista, na waya wa mita tatu. Sitawaambia ipi inapiga. Kijana, nizimie hizo feni tafadhali, na yule aliye karibu na mlango aufunge. Tunaanza na vioo.