Kusomea maabara ya hospitali Marekani: usilipe ada kabla hujauliza haya

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu mambo vipi. Karibuni tena. Tangu niseme hapa kwamba nasomea maabara, ujumbe unaoingia ni ule ule: "Dada, chuo gani? Miaka mingapi? Na mimi naweza?" Leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Wengi wakisikia maabara wanamfikiria mtu wa kutoa damu. Hapa Marekani mtoa damu mara nyingi ni mtu mwingine kabisa, na mafunzo yake ni mafupi. Mimi nasomea kuwa yule anayeipokea ile damu ikishatoka. Anapima sukari, figo na ini, anahesabu chembe nyeupe na nyekundu, anaotesha mkojo kujua ni bakteria gani na dawa ipi itamuua, anahakikisha damu anayoongezewa mgonjwa inaendana na yake. Mgonjwa hamwoni mtu huyu hata siku moja, lakini dawa anayoandikiwa imetokana na namba zilizotoka mezani kwake. Mimi naiheshimu sana kazi hii, na ninavyozidi kusoma ndivyo heshima inavyozidi.

Sasa chuo. Vyuo vya jamii ni vyuo vya umma vya miaka miwili. Unatoka na digrii inayoitwa asosieti, na kwa ufundi wa maabara hiyo inatosha kuajiriwa hospitalini. Ukitaka kuwa mwanasayansi wa maabara, yule wa ngazi ya juu, unahitaji digrii ya miaka minne, na unaweza kuiendea baadaye ukiwa tayari kazini. Ada ya vyuo hivi ni nafuu kuliko vyuo vikuu, hasa kwa mkazi wa eneo husika. Nimesikia watu wakiviita vyuo vya walioshindwa. Achaneni na maneno hayo. Mtihani wa kemia hautazami jina la chuo.

Na kemia ipo, jamani, hesabu pia. Kabla ya kuingia kwenye programu yenyewe unapita kwenye aljebra, biolojia, kemia, na mara nyingi anatomia. Mwanafunzi anayeogopa hesabu aanze kuizoea sasa, kwa sababu maabara ni kuzimua sampuli, kupiga uwiano, kusoma grafu za udhibiti wa ubora kila siku. Baadaye unaomba nafasi kwenye programu, na nafasi ni chache. Wanataka pia chanjo, ikiwemo ya homa ya ini B, rekodi yako ya polisi, na mara nyingi kipimo cha dawa za kulevya.

Hapa ndipo naomba msikilize vizuri. Kabla hujalipa hata senti, uliza mambo mawili. La kwanza: programu hii ina ithibati ya NAACLS? Hicho ndicho chombo kinachothibitisha programu za maabara, na kwenye tovuti yao unaweza kutafuta chuo chako mwenyewe bila kumtegemea wakala. Ukihitimu programu yenye ithibati hiyo, njia ya kwenda kwenye mtihani wa bodi ya ASCP, shirika linalotoa vyeti vya kitaaluma kwa watu wa maabara, imenyooka. Ukihitimu isiyo nayo, unaweza kubaki na cheti mkononi huku waajiri wakikuuliza cha bodi kiko wapi.

La pili: nafasi ya mafunzo hospitalini ni ya uhakika, au kuna foleni? Huwezi kuhitimu bila kukaa maabara ya kweli, chini ya usimamizi, ukizunguka idara kwa idara: hematolojia (chembe za damu), kemia, maikrobaiolojia (bakteria na vijidudu vingine), benki ya damu. Hospitali moja inaweza kuchukua wanafunzi wachache tu kwa wakati. Mara nyingi mafunzo hayo hayana malipo na yanakula mchana wako wote, kwa hiyo panga mapema kodi ya nyumba utailipaje. Hili halisemwi kwenye vipeperushi, na linawakwamisha watu wenye akili nzuri kabisa.

Ngoja niwaonyeshe kitu kidogo mwone kwa nini mafunzo haya hayalegezwi. Tyubu za damu zina vifuniko vya rangi, na zinajazwa kwa mpangilio maalumu. Bluu ya kupima kuganda kwa damu inatangulia nyekundu na ya dhahabu, kisha kijani, kisha zambarau, ya kijivu mwisho. Ya zambarau ina dawa ya EDTA yenye potasiamu, inayozuia damu isigande kwa kuikamata kalsiamu. Sasa mtu akiijaza hiyo kwanza, halafu kiasi kidogo cha dawa kikahamia kwenye tyubu ya kemia, majibu yanatoka potasiamu iko juu na kalsiamu iko chini. Potasiamu ya juu inaweza kusimamisha moyo. Daktari anaanza kutibu ugonjwa ambao mgonjwa hana! Fundi aliyefundishwa vizuri akiziona namba hizo mbili pamoja, anashtuka. Hatoi majibu. Anapiga simu wodini na kuomba damu nyingine.

Na siku tuliyosoma malaria, moyo wangu ulikwenda nyumbani moja kwa moja. Tulipewa slaidi za Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria: vile vipete vidogo ndani ya chembe nyekundu, na gametosaiti, hatua ya kimelea inayochukuliwa na mbu, zenye umbo la ndizi. Wenzangu wengi waliutazama kama ugonjwa wa vitabuni. Mimi najua nyumba ambazo mtoto akipata homa anapewa dawa ya malaria bila kupimwa, na homa ilikuwa ya kitu kingine. Tone moja la damu, slaidi iliyotandazwa vizuri, na mtu anayejua anachokitazama kwenye darubini. Tunawahitaji watu hao wengi zaidi, huku na huko.

Mtihani wa ASCP una maswali 100 kwa saa mbili na nusu, kwenye kompyuta inayobadilisha ugumu kadiri unavyojibu. Kufaulu ni alama 400, na kipimo kinafika 999. Ukisikia maswali yanazidi kuwa magumu, usitetereke, ndivyo ulivyotengenezwa. Majimbo kama California na New York yanadai pia leseni ya jimbo, kwa hiyo angalia sheria za pale unapotaka kufanya kazi.

Wenye viza ya mwanafunzi, msaada wa fedha wa serikali kuu hamuupati, na ada yenu ni ya juu kuliko ya mkazi. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuomba msaada huo kwa fomu ya FAFSA.

Na wewe mwenye stashahada au digrii ya maabara kutoka nyumbani, tafadhali usikimbilie kuanza upya darasa la kwanza. Vyeti vyako vitathminiwe kwanza na shirika linalokubaliwa na ASCP, kisha usome masharti yao, kwa sababu elimu na uzoefu ulionao vinaweza kukufikisha kwenye mtihani. Wana pia cheti cha kimataifa kwa walio nje ya Marekani. Nimekutana na watu waliofanya kazi maabara miaka mingi huko, wakafika hapa wakaenda kubeba maboksi kwa sababu hakuna aliyewaambia. Inaniuma.

Maswali andikeni hapo chini. Tajeni cheti mlicho nacho na aina ya viza, ili nijue naanzia wapi kuwajibu. Video ijayo ni ya benki ya damu, mada ninayoipenda kuliko zote.