Kilichomo mfukoni mwa mgeni

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uongozaji watalii, Arusha)

Walimu mliopo, na ninyi wanafunzi, habari za mchana. Nimepewa nusu saa, tena naambiwa mmetoka kula sasa hivi. Basi sitawasomea vifungu. Nitaanza na miiba ya nungunungu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na wageni wawili Serengeti, mtu na mkewe, wastaafu, wapole kabisa. Siku ya tatu tumesimama chini ya mgunga kwa chakula cha mchana. Yule bwana akaokota miiba mitatu, ile yenye mabaka meusi na meupe, akaichomeka kwenye utepe wa kofia yake. Mkewe akacheka, akampiga picha. Mimi nilikuwa nakusanya maboksi ya chakula. Niliona. Nikasema moyoni, mzee wa watu amefurahi, nimwache.

Siku ya kurudi kwao, kofia ikapita kwenye mashine ya ukaguzi. Ndege ikaondoka, wao wamebaki chumbani wanaandika maelezo. Nikaitwa. Afisa akauliza: hamkuambiwa? Yule mama akanitazama, akajibu, "Dereva wetu alikuwepo."

Hakusema kwa ubaya. Nilikuwepo kweli.

Sasa, kwa sheria yetu ya wanyamapori ya mwaka 2009, ile miiba ni nyara za serikali. Neno nyara likitajwa mtu anafikiria pembe za ndovu. Lakini humo mna pembe, jino, mfupa, ukucha, ngozi, unywele, unyoya, yai. Mnyama akifa mwenyewe, akiliwa na simba, mfupa ukikaa juani miaka mitatu hadi unakuwa mweupe kama chaki, bado una mwenyewe, yaani serikali. Mgeni hawezi kulibuni hilo. Kwao ameokota manyoya msituni tangu utotoni, akayaweka kwenye glasi dirishani, hakuna aliyemuuliza.

Mnacheka, lakini twendeni kwa jirani. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, wenye miaka 19, walikamatwa kwenye nyumba ya wageni Naivasha, Kenya. Walikutwa na sisimizi. Ndiyo, sisimizi, wapatao 5,000, wamewekwa kwenye mirija midogo 2,244 iliyotiwa pamba ili waweze kuishi humo kwa miezi. Wakafikishwa katika mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, wakakiri kosa, wakasema hawakujua kwamba ni kosa. Tarehe 7 Mei hukumu ikatoka: faini ya shilingi milioni moja ya Kenya kila mmoja, au jela miezi 12.

Maoni yangu? Mtu akiokota sisimizi watatu akawatia kwenye kopo la jemu, naweza kumwamini. Mirija 2,244 haijazwi kwa bahati mbaya. Na hakimu hakuichukulia kama michezo ya watoto. Katika hukumu yake alifananisha kule kung'olewa kwa sisimizi hao na kusafirishwa kwa kubanana na biashara ya utumwa. Kuna waliosema amezidisha. Mimi naona alitaka watu waache kucheka.

Lakini angalieni jambo moja. Yule mzee wangu wa kofia alisema "sikujua". Vijana wa mirija nao wakasema "hatukujua". Neno ni lile lile, na hakimu hawezi kumpasua mtu kifua aangalie ndani. Ndiyo maana sheria, huku na kwingine kwingi, haimpokei mtu kwa utetezi wa kutojua. Wa kuutofautisha ujinga na ujanja ni yule aliyekuwa na mgeni kabla kosa halijatendeka. Ninyi. Ukishamwambia, akarudia, hapo ni yake. Usipomwambia, sehemu ya kosa ni yako, hata kama jina lako halimo kwenye hati ya mashtaka.

Tatizo letu si kwamba hatujui. Tunaona haya. Tumelelewa kwamba mgeni hakatazwi. Na bahashishi nayo, tusidanganyane, iko mwisho wa safari. Nani anataka kumnunisha mtu siku ya tatu? Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Kila mtu anamwona. Basi akivaa suruali ya mabakamabaka aliyoinunua dukani kwao akidhani ndiyo nguo ya porini, anaonekana na askari kabla hajashuka garini. Mwaka 2023 jeshi letu, JWTZ, lilitangazia raia wote wasalimishe sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Sisi wenyeji tulisikia redioni, yeye angesikia wapi? Mifuko ya plastiki vivyo hivyo, ni marufuku: Rwanda tangu 2008, Kenya tangu Agosti 2017, kwetu tangu Juni 2019. Ule mfuko wa dukani aliofungia viatu auache uwanjani anapoingia. Kile kimfuko cha zipu cha sabuni na dawa ya meno hakina neno, mradi aondoke nacho.

Na msiwacheke Wazungu peke yao. Mtu wa Meru ya Kenya anatafuna miraa yake mchana kweupe, ni zao linalotambuliwa na serikali yake. Akivuka mpaka wa Namanga na kifungu kile kile, kimeshakuwa mirungi, na mirungi kwetu ni dawa za kulevya. Uingereza ilikuwa ikiipokea kwa ndege hadi Juni 2014 ilipoipiga marufuku. Jani halikubadilika, ilibadilika sheria. Shangazi yako anayekwenda Dubai kuchukua mzigo wa vitenge, muulize ana vidonge gani vya maumivu kwenye pochi. Tramadoli na kodeini kule zinahitaji kibali, na cheti cha daktari kilichobaki nyumbani hakimsaidii kitu.

Namna ya kusema, basi, maana mwalimu wenu alinisisitizia hilo. Msisubiri uwanja wa ndege, huko mmeshachelewa. Msisome orodha siku ya kwanza, mtu ana usingizi wa safari, anaitikia tu. Mimi nasema pale pale mkono unapoinama. "Mzee, huo ni wa serikali," kisha nacheka kidogo, naye anacheka, anaurudisha chini. Halafu jioni ya mwisho, kabla ya geti, nasimamisha gari na kuomba kila mtu akague mifuko yake, na mimi natoa ya kwangu kwanza. Siku moja niliikuta humo mbegu ya mbuyu, sijui iliingiaje, wakanicheka kweli.

Safari iliyopita kulikuwa na binti wa miaka saba, ameficha unyoya wa kanga ndani ya soksi. Alipoutoa akalia. Sikumwambia habari za faini. Nikamwambia achague mahali pa kuuacha. Akazunguka gari mara mbili, akauweka juu ya kichuguu, akauwekea kijiwe ili upepo usiuchukue. Baba yake akauliza kama picha inaruhusiwa. Nikamwambia hiyo apige hata kumi.

Haya, yule kijana wa nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja bahashishi.