Changarawe Chini ya Chungu Haisaidii Kitu

Ndugu zangu, najua wengi mmekuja kuuliza sakulenti, mimea ile inayotunza maji kwenye majani au mashina yake manene, zimwagiliwe mara ngapi kwa wiki. Nikianza na hilo mtaondoka na tarakimu, kisha mtakwenda kuua mimea. Naanza na chungu.

Tazameni hiki kipande cha sifongo. Nimekichovya majini mpaka kimelowa chote. Nakiinua kikiwa kimelala: maji yanachuruzika, yanapungua, yanakoma. Sasa nakisimamisha wima. Mnaona? Yanatoka tena, na sijakiminya! Kumbe kilipoacha kudondosha bado kilikuwa kimeshika maji, na yamejikusanya upande wa chini. Udongo wa chunguni hufanya vivyo hivyo. Vitundu vyake vidogo huyashika maji, na nguvu ya uvutano haitoshi kuyatoa yote. Kila chungu, hata chenye tundu zuri, kina tabaka la udongo uliolowa chapachapa kwenye kitako chake.

Na nyinyi mnafanya nini? Mnatandika changarawe chini, eti maji yashuke upesi. Hayashuki! Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za changarawe mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Lile tabaka la tope linabaki na kimo kilekile, ila mmelipandisha likaisogelea mizizi. Chungu cha sentimita 10 ukikitia changarawe sentimita 3, mmea umebakiwa na sentimita 7, na sehemu ya hizo ni tope.

"Mbona mimi naweka, na mmea wangu uko hai?" Swali hilo haliniachi kokote niendako. Uko hai kwa sababu humwagilii ovyo, au kwa sababu udongo wako una chembe kubwa. Changarawe inapewa sifa isiyo yake. Mwingine atasema chungu chake hakina tundu, ndiyo maana anaweka. Bwana, toboa chungu! Hapo changarawe inaficha dimbwi tu, na mizizi italifikia.

Changarawe hiyohiyo ichanganyeni na udongo wote, kuanzia juu hadi chini. Chembe ziwe za milimita 3 hadi 5, zioshwe vumbi, zifike nusu ya mchanganyiko au zaidi. Mawe mepesi ya volkano yanafaa sana. Mchanga laini acheni, unaziba njia za hewa, na mizizi inapumua. Ikikosa oksijeni inakufa na kuoza. Hapa ndipo panaponiuma: mmea uliooza mizizi hauwezi kunyonya maji, kwa hiyo unanyauka utadhani una kiu, na mwenyewe kwa huruma anauongezea maji. Shikeni majani kabla ya kushika kopo. Jani lenye kiu limekunjamana na kupungua unene, aghalabu yakianza yale ya chini. Jani lililozidiwa maji huwa la manjano, teketeke, linapenyeza mwanga, na ukiligusa tu linadondoka.

Basi, mara ngapi kwa wiki? Hakuna idadi. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, mwaga yaliyobaki kwenye kisahani, kisha ngoja udongo ukauke hadi kitakoni. Chomeka kijiti cha mbao. Kikitoka na unyevu, uache mmea. Msiogope kuwa utakufa kwa kiu. Nyingi ya sakulenti hufungua vitundu vya majani usiku, zikavuta hewa ukaa na kuitunza kama asidi, na mchana wa jua huvifunga, hivyo maji yanayopotea ni machache. Tena kuna Lithops, vile vimea vya kusini mwa Afrika ambavyo mtafiti wa mimea Mwingereza, William Burchell, aliokota kimoja mwaka 1811 akidhani ni jiwe. Majani mapya ya Lithops huchipua katikati ya yale ya zamani na kuyanyonya maji yake. Ukimwagilia wakati huo, ya zamani hayakauki, na mpangilio wote unaharibika. Mtu wa kalenda atajuaje hilo?

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mwanga nitaupitia mbio. Sakulenti aina ya Echeveria ikirefuka shina na majani yakaachana, inatafuta mwanga, na shina hilo halirudi kuwa fupi. Kata kichwa, kiache siku kadhaa kidonda kikauke, ndipo ukipande. Aina nyingine, Haworthia, kwao huota chini ya vichaka, msiianike kwenye jua kali. Mmea uliozoea kivuli uzoesheni jua kidogo kidogo. Vidung'ata, wale wadudu wenye utando mweupe, wapanguseni kwa spiriti ya asilimia 70, na mkague mizizi pia kwa sababu wengine hujificha humo.

Mbolea naiacha. Mliokuja na vyungu mnavyovitilia shaka, vileteni hapa mbele tung'oe mimea tuitazame mizizi.