Kutoka Rekodi ya HD hadi Diski ya DVD: Nini Kipunguzwe, na kwa Utaratibu Gani

Ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wenu mmekwisha kuijaribu nyumbani na baadhi yenu mkaishia njiani: kuchukua kipindi kilichorekodiwa kutoka runinga ya ubora wa juu, yaani HD, na kukitia katika diski ya DVD inayoweza kuchezwa na deki ya kawaida. Niwe mkweli tangu mwanzo kwamba kazi hii ni ya kupunguza. Picha ya HD iliyo kamili ina pikseli 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, ilhali picha ya DVD ya PAL, mfumo wa runinga wenye fremu 25 kwa sekunde, ni pikseli 720 kwa 576, nayo ya NTSC, mfumo wa Marekani na Japani, ni 720 kwa 480 tu. Ukipiga hesabu utaona kwamba picha ya PAL ni sehemu moja ya tano ya ile ya mwanzo. Hakuna programu itakayoziokoa zile sehemu nne zilizobaki, hata kama tangazo lake linaahidi hivyo. Tunachoweza kukifanya ni kuziacha bila kuiharibu hiyo moja.

Watu wengi hudhani kwamba uharibifu hutokea wakati wa kubana picha, yaani kupunguza biti zake ili faili liwe dogo. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi zaidi hutokea mapema, kwenye mistari inayounda picha. Vituo vingi hurusha HD kwa mistari inayopishana, maana yake ni kwamba kila fremu imebeba nusu mbili, moja yenye mistari ya witiri na nyingine yenye mistari ya shufwa, na nusu hizo hazikupigwa kwa wakati mmoja: katika mfumo wa fremu 25 kwa sekunde zimeachana kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Mchezaji akipiga mpira, mguu wake katika nusu ya kwanza hauko pale ulipo katika nusu ya pili. Sasa, kompyuta ikiipunguza fremu hiyo kutoka mistari 1,080 hadi 576 kana kwamba ni picha moja, itaichanganya mistari ya nyakati mbili, na utapata mguu wenye kivuli ambacho hakuna dawa itakayokiondoa baadaye. Utaratibu ulio sahihi ni kuzitenganisha kwanza nusu hizo ili zipatikane picha kamili 50 kwa kila sekunde, kisha kuzipunguza moja moja, na mwishowe kuzisuka upya ziwe fremu 25 zenye mistari inayopishana, kama DVD inavyokubali. Programu ya FFmpeg, ambayo ni ya bure, ina vichujio vya hatua zote tatu. Jambo la kuangalia ni nusu ipi inatangulia, kwa sababu ukikosea hapo kila kinachotembea kitaonekana kikitetemeka mbele na nyuma. Kipindi kilichorushwa kwa mistari 720 hakina tatizo la kutenganishwa, kwa kuwa fremu zake tayari ni kamili. Huanzia hatua ya pili.

Kabla ya hayo yote, lakini, rekodi yenyewe isafishwe. Matangazo ya dijitali hufika katika vipakiti vya baiti 188, na mawimbi yanapodhoofika baadhi ya vipakiti hupotea. Ndiyo sababu sauti huanza sawa na midomo, kisha baada ya nusu saa mtu anasikika kabla hajafungua kinywa. Ni afadhali kukata matangazo ya biashara na kurekebisha mihuri ya muda, yaani alama zinazosema kila picha na sauti ichezwe lini, katika faili la awali kuliko kuligundua kosa baada ya kompyuta kufanya kazi usiku kucha.

Tukija kwenye ubanaji, DVD hutumia MPEG-2, njia mojawapo ya kubana video, na picha yake hairuhusiwi kuzidi megabiti 9.8 kwa sekunde. Diski ya tabaka moja hubeba baiti bilioni 4.7, ambazo ni biti bilioni 37.6. Filamu ya saa mbili ina sekunde 7,200. Gawanya, utapata takribani megabiti 5.2 kwa sekunde kwa kila kitu. Toa sauti, tuseme kilobiti 448 kwa sekunde, acha na akiba kidogo ya ufungaji, na picha itabaki na karibu megabiti 4.5. Kwa kiwango hicho ninapendelea kusimba, yaani kuibana video, kwa awamu mbili, ya kwanza kompyuta ikipima ugumu wa kila tukio na ya pili ikigawa biti kulingana na vipimo hivyo. Kipindi cha saa moja hakihitaji hesabu hii, kwani diski ina nafasi kubwa kuliko kiwango cha juu cha DVD kinavyoruhusu kutumia.

Usisahau kuandika katika faili kwamba picha ni ya uwiano wa 16 kwa 9. Mimi mwenyewe niliwahi kuchoma, yaani kuandika, diski nzima ikiwa na alama ya 4 kwa 3, na wote waliokuwamo wakawa na nyuso ndefu kama za farasi, ingawa picha yenyewe haikuwa na kosa lolote.

Kupanga sura na menyu ni kazi nyepesi; programu ya DVDStyler huifanya na kukuachia folda iitwayo VIDEO_TS, ambayo ndiyo deki huisoma. Wakati wa kuchoma, chagua mwendo wa wastani badala ya ule wa juu kabisa. Diski huandikwa kuanzia katikati kuelekea ukingoni, na makosa hupenda kujificha huko ukingoni, kwa hiyo ukiijaribu katika deki usiridhike na dakika tano za mwanzo: nenda moja kwa moja kwenye sura ya mwisho, uitazame hadi picha inapozimika.