Jinsi ya Kuchimba Historia ya Mwanzo ya Bendi: Tunaanza na The Beatles

Karibu tena, mtazamaji. Leo tunafanya kazi ambayo mashabiki wengi wa roki wanaipenda lakini wanaifanya kwa kubahatisha: kutafuta bendi ilianzaje kabla dunia haijaijua. Nimechagua The Beatles, bendi ya roki ya Liverpool, Uingereza, na sababu yangu ni kwamba wameandikwa mno. Bendi iliyoandikwa mno ina ugumu wake. Kisa kimoja unakikuta kwenye vitabu kumi, unadhani umepata mashahidi kumi, kumbe tisa wamenakili kutoka kwa mmoja.

Chukua daftari, au fungua jedwali kwenye kompyuta. Nikienda mbio, simamisha video.

Hatua ya kwanza ni kuweka mipaka. Maneno "miaka ya mwanzo" hayana maana mpaka uyape tarehe mbili. Mimi naanzia 1956, John Lennon alipounda The Quarrymen akiwa mwanafunzi wa shule ya Quarry Bank, Liverpool. Naishia 5 Oktoba 1962, siku santuri ya "Love Me Do" ilipotoka Uingereza. Yaliyofuata ni matamu, najua, lakini ukiyagusa tu hutarudi.

Sasa chora safu tano. Ya kwanza ni tarehe. Ya pili, nini kilitokea. Ya tatu, nani anasema. Ya nne, alisema lini. Ya tano, je, alikuwepo? Safu ya nne ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Mtu aliyesimulia jambo wiki ile ile na mtu huyo huyo akilisimulia miaka thelathini baadaye, baada ya kuhojiwa mara mia, hao wahesabu kama mashahidi wawili tofauti.

Hatua ya pili: kusanya majina. Ukitafuta "Beatles" peke yake kwenye magazeti ya 1958 hutaambulia kitu, kwa sababu jina hilo halikuwepo. Andika The Quarrymen, na pia Quarry Men kwa maneno mawili, maana matangazo yao yaliandikwa hivyo. Ongeza Johnny and the Moondogs ya 1959, kisha Beatals, Silver Beetles na Silver Beatles za 1960. Jina la The Beatles linatulia Agosti 1960. Wanamuziki nao walijibatiza: Mei 1960, walipozunguka Uskochi wakimpigia muziki mwimbaji Johnny Gentle, Paul McCartney alijiita Paul Ramon na George Harrison akajiita Carl Harrison. Majengo nayo yana majina mawili. Studio za Abbey Road wakati huo ziliitwa EMI Studios, kwa jina la kampuni ya santuri ya EMI, na nyaraka za 1962 zinazitaja kwa jina hilo.

Twende kwenye mfano wenyewe. Hatua ya tatu ni kuipima tarehe, na hapa nitatulia kidogo.

Kila shabiki anajua Lennon na McCartney walikutana kwenye sherehe ya kanisa la St Peter's huko Woolton, kitongoji cha Liverpool. Lakini lini? Katika maandishi ya awali ilizunguka sana tarehe 15 Juni 1956. Kabla hujakimbilia maktaba, fungua kalenda ya mwaka huo. Unaona hapa? Ni Ijumaa. Sherehe kama ile, yenye maandamano ya malori yaliyopambwa na kutawazwa kwa binti malkia wa waridi, ungetarajia iwe Jumamosi, watu wakiwa hawapo kazini. Bado hujathibitisha chochote, ila tarehe imeshaanza kunuka.

Sasa tafuta karatasi. Programu ya sherehe, iliyochapwa kwa ajili ya siku hiyo, imesalia, na picha zake zimechapishwa mara nyingi. Inasema Jumamosi, 6 Julai 1957. The Quarry Men wamepangwa kupiga saa kumi na robo alasiri, halafu tena usiku kwenye dansi ndani ya ukumbi wa kanisa. Rudi kwenye kalenda: 6 Julai 1957 ni Jumamosi kweli. Karatasi na kalenda vinakubaliana.

Lakini usifunge jalada. Programu inakuonyesha kilichopangwa, haikuonyeshi kilichofanyika. Je, walipiga kweli usiku ule? Hapa tuna bahati ya ajabu. Kijana aliyeitwa Bob Molyneux alikuwa na mashine ya kurekodi ukumbini, akanasa sehemu ya onyesho la usiku. Tepu hiyo iliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 1994, na kampuni ya EMI ikainunua kwa pauni 78,500. Mchana nao tunayo picha ya Geoff Rhind, Lennon akiwa jukwaani na shati lake la miraba. Karatasi, tepu na picha: vitu vitatu visivyotegemeana. Hapo ndipo unapoandika tarehe kwa kalamu ya wino.

Angalizo dogo kabla hatujaondoka Woolton. Siku ile Paul alikutana na John, hakujiunga na bendi. Onyesho lake la kwanza na The Quarrymen lilikuwa Oktoba mwaka huo. Kukutana na kujiunga ni mistari miwili kwenye jedwali, na makala nyingi huibana ikawa mmoja.

Hatua ya nne ni hesabu tupu, tutaipita upesi. Utasoma kwamba kule Hamburg, Ujerumani, walipiga usiku 48 kwenye klabu ya Indra. Usikubali tu, hesabu. Walianza 17 Agosti 1960 na wakahamia klabu ya Kaiserkeller 4 Oktoba, kwa hiyo usiku wa mwisho Indra ni 3 Oktoba. Agosti inakupa 15, Septemba 30, Oktoba 3. Jumla 48. Vilevile klabu ya Top Ten, huko huko Hamburg: 1 Aprili hadi 1 Julai 1961, hesabu inatoka 92. Umri nao ni hesabu. George alizaliwa 25 Februari 1943, kwa hiyo alipofukuzwa Ujerumani Novemba 1960 alikuwa na miaka 17, na sheria haikumruhusu aliye chini ya miaka 18 kukaa klabu baada ya saa nne usiku. Simulizi na cheti cha kuzaliwa vinashikana.

Sasa hatua ya tano, magazeti, na hapa ndipo utamu ulipo.

Kuna kisa maarufu. Brian Epstein, aliyekuja kuwa meneja wa The Beatles, anaendesha duka la santuri la NEMS katikati ya Liverpool. Jumamosi, 28 Oktoba 1961, kijana anaingia kuulizia "My Bonnie", wimbo ambao The Beatles waliurekodi Hamburg wakimsindikiza Tony Sheridan. Epstein, kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha 1964, anasema ndipo jina hilo lilipoanza kumkaa kichwani. Siku chache baadaye, 9 Novemba, anashuka ngazi za klabu ya Cavern kwenda kuwatazama.

Kisa kizuri. Kipime kwa magazeti. Bill Harry alianzisha gazeti la muziki la mji ule, Mersey Beat, na toleo la kwanza lilitoka 6 Julai 1961. Fungua toleo la pili, la 20 Julai. Ukurasa wa mbele, kichwa kikubwa: The Beatles wamesaini mkataba wa kurekodi. Gazeti hilo liliuzwa wapi? NEMS, miongoni mwa maduka mengine. Na kuanzia Agosti, Epstein mwenyewe alikuwa na safu ya uhakiki wa santuri ndani ya gazeti hilo hilo!

Hapa watafiti wachanga hurukaruka na kutangaza kwamba Epstein alidanganya. Taratibu. Ushahidi wako unasema jina la bendi lilikuwa kwenye kaunta yake miezi mitatu kabla. Hausemi kwamba alilisoma, wala kwamba alilijali. Mtu anaweza kuuza gazeti asilifungue, ingawa kwa mwandishi wa safu ndani yake ni vigumu kidogo kuamini. Andika kile unachoweza kukionyesha na uishie hapo.

Na yule kijana mteja? Kwa miaka mingi ilisemwa hakuwahi kuwepo. Mfanyakazi mmoja wa NEMS alidai ndiye aliyebuni jina lake ili santuri iagizwe. Baadaye watafiti wakampata mtu mwenyewe, hai, na kisa chake. Kwa hiyo safu yako ya "nani anasema" iache nafasi ya kuongezea. Hata kukanusha kunahitaji kupimwa kama kudai.

Kwa magazeti ya kila siku, tafuta Liverpool Echo. Usisome habari, soma matangazo madogo ya dansi. Mwenye ukumbi alilipia tangazo ili watu waje Jumamosi hii, hakuwa na sababu ya kupamba historia. Maktaba Kuu ya Liverpool inahifadhi magazeti ya mji, na kuna hifadhi za magazeti ya Uingereza mtandaoni, nyingine za kulipia. Ukipata tangazo, kumbuka bado ni mpango tu. Maonyesho huahirishwa.

Hatua ya sita: picha. Picha isiyo na tarehe huzungumza kupitia vyombo. Angalia hii niliyoikuza. Paul ameshika gitaa la besi lenye umbo la fidla, Höfner. Alilinunua Hamburg mwaka 1961, kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya 1960, hata maelezo chini yake yaseme nini. Nyuma ya ngoma yuko Pete Best, aliyeingia Agosti 1960 na kutolewa 16 Agosti 1962. Wamevaa nguo za ngozi? Elekea 1961. Suti? Suti zilianza Machi 1962. Tazama na gitaa la John, Rickenbacker: likiwa na rangi yake ya mbao, ni kabla halijapakwa nyeusi mwaka 1962. Ukiunganisha vyote, umeibana picha ndani ya miezi michache bila kumuuliza mtu.

Mitego miwili. Kwanza, Ringo Starr, aliyechukua nafasi ya Pete, kuwa kwenye ngoma si lazima iwe baada ya Agosti 1962, kwani aliwahi kumshikia Pete nafasi kabla ya hapo. Pili, picha zilizochapwa kinyume. Paul hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo shingo ya gitaa lake inapaswa kuelekea kushoto kwako unayetazama. Ikielekea kulia, mchapaji amegeuza filamu, na waliosimama "kulia" na "kushoto" kwenye maelezo wamebadilishana.

Ukifika Liverpool kwa ajili ya utafiti, nenda, lakini ujue unatazama nini. Cavern ya awali ilifungwa 1973 na jengo la juu yake likabomolewa; ile unayoshuka leo ilifunguliwa 1984, ikitumia sehemu ya eneo lile lile na baadhi ya matofali ya zamani. Usipime ukubwa wa jukwaa humo ukaandika kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyumba za utotoni za John na Paul ni tofauti, zinatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, na zinafunguliwa kwa wageni.

Mikataba, kwa kifupi. Kwa miaka mingi ilisimuliwa kuwa siku ya 6 Juni 1962 bendi ilikwenda EMI kufanyiwa majaribio, mtayarishaji wa muziki George Martin akapendezwa, ndipo mkataba ukaja. Lakini mkataba wenyewe una tarehe 4 Juni. Weka tarehe zote mbili kwenye jedwali, na utenganishe tarehe iliyopigwa chapa na siku ambayo kila upande ulitia saini.

Mwisho, tumia masikio. "Love Me Do" ilirekodiwa mara tatu, wapiga ngoma watatu. 6 Juni ni Pete Best. Hiyo ilikaa kabatini na kutolewa 1995, na utasikia mdundo ukiyumba katikati. 4 Septemba ni Ringo. 11 Septemba ni Andy White, mpiga ngoma wa kukodiwa, na Ringo akapewa tari. Kutofautisha mbili za mwisho ni rahisi: vaa spika za masikioni, usihangaike na ngoma, sikiliza tari. Likiwepo, ni 11 Septemba, ile iliyoingia kwenye albamu ya Machi 1963. Lisipokuwepo, ni 4 Septemba, ile iliyokuwa kwenye santuri ya kwanza kabisa, yenye lebo nyekundu ya Parlophone, tawi la EMI.

Kwa hiyo muuzaji akikuapia kuwa ana toleo la kwanza la 1962, mwambie aliweke kwenye mashine kabla hujatoa pesa. Tari likilia, siyo lenyewe.